Sikio la Kushoto

Kofia ngumu ilikuwepo. Niliitundika kwenye kioo cha pikipiki,
maana kutoka Nyololo hadi Igowole ni kwetu,
na mtu havai kofia kwenda kwao.

Tope, kona, roli la magogo.
Hayo nimesimuliwa.
Mimi nakumbuka nyasi tu, baridi shavuni,
na mlio.

Siku ya kwanza nilidhani ni mashine za wodini.
Siku ya nne mashine zikahamishiwa kwa mgonjwa mwingine,
mlio ukabaki kwangu.

"Picha ni safi," daktari alisema kule Iringa,
akaiinua kwenye taa niione:
kichwa changu, cheupe,
kimenyamaza kama yai.

Mama anasema sikio likilia, kuna mtu anakusema.
Basi huu mwezi wa tisa nasemwa
na mtu mmoja asiyevuta pumzi.
Sikio la kufa halisikii dawa.
Hili langu halijafa, ndiyo shida yake.

Ni birika lililokaribia kuchemka
na halichemki.

Twilumba amejifunza. Akiwa na neno la maana
huja upande wa kulia.
Akiwa na hasira husemea kushoto,
apate kuyamaliza yote.

Masika yalinisitiri. Mvua ikipiga bati
nilikuwa mtu kama watu.
Msimu wa ulanzi nikahamia dirishani,
nikajidanganya kwamba ni mianzi inadondosha
kwenye mbeta za jirani.
Lakini ulanzi hupumzika
kati ya tone na tone.

Wende, miaka mitano, alibandika sikio lake kwenye langu,
akafumba macho, akakunja uso.
"Baba, humu kuna milingoti na upepo."
Sikumsahihisha.

Sasa ni Juni. Umande umeganda juu ya chai.
Zamani, usiku kama huu, nilitoka uani kukojoa
na kimya kilikuwa kizito, ungeweza kukiegemea.
Leo nimetoka, nikaegemea ukuta.

Roli likapita, limeshiba mbao, linakwaruza gia mlimani,
na kwa urefu wa roli lile
sikuwa na mlio.

Likaishia.
Ukarudi bila hodi.
Nikasema, haya,
nikaufungulia mlango kana kwamba ulikuwa nje,
tukaingia,
tukalala watatu.