Volti Kumi na Tisa

Asubuhi ya nne friji imenyamaza.
Maziwa yamechacha, na taa ya juu ya sinki
inapepesa kama jicho la mtu aliyekesha.
Tumeegesha kando ya ziwa, changarawe tupu,
kilomita tisini kutoka duka lenye fyuzi,
na upepo wa Patagonia unalitikisa gari
kama mtu anayetafuta sarafu kwenye kopo.

Nibaldo kashuka bila neno, mita mkononi.
Kaka yangu huzungumza na vitu kuliko na watu.
Sindano nyekundu hapa, nyeusi pale:
betri kumi na moja nukta sita.
"Imekufa?"
"Imechoka. Panda juu, anza na paneli."

Nimepanda na ndoo.
Vumbi la barabara limejenga tabaka,
na ndege wameacha salamu zao.
Nasugua kwa soksi (ya Nibaldo, sikumwambia)
mpaka kioo kinanirudishia uso wangu.
Jua la Novemba ni baridi, lakini ni jua.
Chini anapima, anapaza sauti:
"Kumi na tisa! Paneli nzima."

Basi mwongo ni nani?
Fyuzi tumeitoa, tumeiinua kwenye mwanga, uzi wake mzima.
Tumeirudisha. Tumeitoa tena,
kama anayerudi mlangoni kuhakikisha amefunga.
Kontrola inawaka kijani,
kijani cha karani anayekwambia njoo kesho.
Ampea: sifuri.
Sifuri, na jua lote lile!

Nimemlaumu mwokaji mikate wa Coyhaique
aliyetuuzia gari lenye unga kwenye bawaba.
Nimeilaumu barabara, nimeyalaumu mawingu ya juzi.
Nibaldo hajamlaumu mtu.
Miaka ishirini na miwili alikuwa chini ya ardhi,
kwenye mgodi wa shaba kule kaskazini,
hadi Machi, walipompa barua na saa ya ukutani,
na Yovanka akahamia Arica na watoto.
Tangu hapo, kila nikipiga simu:
"Niko sawa, Ercira. Niko sawa."
Kumi na tisa. Kila nilipopima, kumi na tisa.

Saa nane mchana akajipiga paji la uso.
"Tumepima bila mzigo."
Akatafuta balbu kuukuu ya taa ya mbele,
akaifunga mwisho wa waya.
Balbu ikawa nyekundu kidogo, kama aibu,
na namba kwenye mita zikaporomoka:
kumi na tisa, tisa, tatu.
"Umeona? Waya usio na kazi
ukiuulizwa hali utakujibu vizuri.
Utwike kitu, ndipo utaujua."

Akaufuata kwa vidole, dari hadi nyuma ya kabati,
na palipokuwa na joto akasimama.
Akachana utepe. Ndani, unga wa kijani;
kati ya nyuzi ishirini, mbili tu
zilikuwa bado zimeshikana mikono.
"Shaba," akasema, akacheka, mara ya kwanza safari hii.
"Huenda hii niliichimba mimi."

Akakata, akakwangua hadi wekundu ukatoka,
akabana kwa koleo, akavuta kwa nguvu zote, akavuta tena.
Ampea moja. Tatu. Sita nukta mbili.
Friji ikakohoa, ikaanza kuguna.

Nami nilikuwa na neno nimelibeba tangu Chaitén,
nalihamisha bega hili, bega lile.
"Nibaldo. Wanao wanauliza
Krismasi utakuwa wapi."

Hakusema yuko sawa.
Akazikunja nyaya za mita polepole,
nyekundu juu ya nyeusi,
akazikunjua, akazikunja upya.
Kisha akaketi kwenye kidato cha mlango,
mgongo kwa upepo,
akanisogezea nafasi ndogo pembeni yake.
Maji ya kahawa yakachemka, yakamwagika.
Hakuna aliyeinuka.