Kila Sentimita Mwezi

Muuguzi ameweka mkasi juu ya kitambaa.
"Karibu na kisogo, Bi Harriet. Shungi dogo tu,
unene wa njiti ya kiberiti."
Harriet Neeposh anafumua msuko wake
polepole, kama mtu anayefungua barua
ambayo tayari anajua imeandikwa nini.

Nywele hukua sentimita moja kwa mwezi.
Basi hapa, penye ngozi, ni Oktoba:
samaki wa mwisho wa Abel kabla ya barafu.
Chini yake Septemba, bata bukini, samaki haba.
Chini zaidi Julai, kambi ya wajukuu,
wiki tatu za moshi na mafuta vidoleni.
Maabara ya kusini itasoma kila mwezi peke yake
na kuandika tarakimu ubavuni.
Walipokuja kuhesabu vitakavyozama
hakuna karani aliyeandika kwa uaminifu huo.

Zebaki haikuletwa na mtu.
Ilikuwa imelala kwenye udongo mweusi wa msituni,
kwenye majani yaliyodondoka tangu enzi na enzi.
Misonobari haikukatwa maji yalipopanda, palikuwa na haraka.
Ikafa imesimama.
Ikaoza, na katika kuoza kwake
vijidudu wasioonekana wakaiamsha zebaki,
wakaigeuza sumu.
Kijidudu akaliwa na mdudu, mdudu na dagaa wa mtoni,
dagaa na yule mrefu mwenye meno ya mbwa,
na yule mrefu akaletwa mezani
na mtoto wa miaka tisa aliyejivunia ndoana yake.
Nani angemwambia asitabasamu?

Tunasema maji yakimwagika hayazoleki.
Hawa waliyazoa.
Waliyazoa ya mito mitatu, wakayafungia nyuma ya ukuta
wakayafundisha kushuka kwa zamu.
Kaskazini hii ya Kwebeki mto ulikuwa na adabu zake:
ulifura theluji ilipoyeyuka, ukanguruma, ukabeba magogo,
na msimu wa baridi ulijifunika barafu ukalala.
Sasa unaamshwa Januari,
maana Januari ndipo jiji linapowasha hita.
Barafu haijui tena iamini nini.
Kijana wa akina Coonishish alipita na pikipiki ya theluji
palepale alipopita babu yake miaka arobaini.
Walimpata Mei.

Lakini sitaki kusema uongo.
Hakuna makaa hapa. Hakuna jenereta
inayokohoa usiku kucha nyuma ya shule.
Hewa ni safi hadi inauma puani.
Taa hii ya zahanati inawaka kwa maji yaleyale,
hita iliyo miguuni pa Harriet, vilevile,
na mashine itakayolipima shungi lake.
Mto unatupa mwanga wa kuona ulichofanyiwa,
na sisi tunaketi mwangani, tukiota moto,
tukitafuta wa kumlaumu.

"Kula wadogo," muuguzi anasema. "Wale weupe.
Mwenye mimba asile wenye meno."
Harriet anaitika kwa kichwa. Ameshaambiwa.
Ameshaambiwa pia, mwaka mwingine, kwamba viwango vinashuka,
na amefurahi, na ameendelea kumkatia Abel
kipande cha tumboni, chenye mafuta, anachokipenda.

Kisha muuguzi, kijana, mgeni, anapima msuko kwa macho:
"Unafika kiunoni! Sentimita sabini, karibu miaka sita.
Laiti tungekuwa na za zamani,
za kabla ya bwawa, tukalinganisha."

"Zipo," anasema Harriet.
"Nilizikata nilipomzika mama. Msuko mzima.
Niliuweka mikononi mwake."

Muuguzi anashika kalamu.
"Kaburi liko wapi?"

Harriet anaanza kusuka upya,
vidole havihitaji macho.
Anaonyesha kwa kidevu, dirishani,
kule maji yalikotulia
yakingojea Januari.