Tundu Moja

Chumvi ya Lamu haibishi hodi.
Imeingia kwenye laptopu ya zahanati ya punda
kama ilivyoingia kwenye bawaba na misumari
na saa ya mkononi niliyoambiwa haiingii kitu.

Diski imekufa. Niliiweka sikioni:
tk, tk, tk,
mtu anayepapasa ufunguo gizani
na moyoni anajua hakuubeba.
Matundu matatu ubavuni, mawili yameota kutu ya kijani.
Moja ndilo linaloshika.

Daktari Mwanamkuu akauliza, "Itapona?"
Haitaponi, nikamwambia. Itaishi.
Akacheka: "Hayo ndiyo tuwaambiayo wenye punda."

Nikatoa flashi, ndogo kama kokwa ya ukwaju.
Ndani yake mfumo mzima, megabaiti mia tatu,
na kikokotoo chake, na saa yake,
hata mchezo wa karata nisioujua kuucheza.
Hauulizi diski iko wapi.
Unahamia wote kwenye kumbukumbu, na mkeka wake na kuzi lake,
mistari myeupe ikishuka juu ya weusi,
kisha unakwambia: sasa waweza kunichomoa.

Mara ya kwanza niliogopa.
Ni kuondoa ngazi na mtu yuko darini.
Nikachomoa.
Kioo hakikutikisika. Saa ikaendelea kuhesabu.
Hana diski, hana flashi,
anafikiri hewani.

"Tundu liko huru, tia flashi yako ya daftari.
Lakini sikiza, daktari: huyu hana sanduku.
Alicho nacho chote kiko kichwani.
Stima ikienda hujahifadhi,
ataamka mpole, mwepesi,
na hakujui."

Alhamisi ya dawa ya minyoo
walikuja punda arubaini na mmoja,
foleni kutoka mlangoni hadi kwa muuza halua.
Mwanamkuu akiandika: rangi, umri, kidonda cha mgongo, jina.
Betri ilishakufa mwaka juzi; tulikuwa tukiishi kwa waya.
Saa nane kasorobo, waya ukanyamaza.
Feni ikazunguka mara tatu, za adabu tu.
Kwenye kioo cheusi niliuona uso wake.

"Ulihifadhi?"
"Ishirini wa kwanza."

Ishirini na mmoja walikuwa wameshaondoka
na mchanga wao, na saruji, na magodoro ya harusi ya watu.

Tukakaa barazani na karatasi iliyofungia sukari.
Yule wa sikio lililochanika?
Mali-ya-Shemeji.
Yule wa Lali Koti, asiyekanyaga kivuli?
Deni.
Mweupe wa tumbo, aliyekula risiti zangu?
Huyo simsahau hata nikifa. Andika Karani.
Tukafika kumi na wanane. Tukanywa chai, wakaja wawili.
Wa mwisho akakataa.
Tulikumbuka mkia wake, kovu la kamba shingoni,
kidole changu alichokikanyaga.
Jina, hapana.

Usiku stima iliporudi niliwasha.
Mistari myeupe. Kisha mfumo ukasimama mbele yangu, msafi,
haujui kuwa duniani kuliwahi kuwa na Alhamisi.
Nikauonea kijicho, kidogo,
mimi ambaye diski yangu haifutiki hata nikitaka:
maneno niliyomwambia ndugu yangu Twalibu gatini,
mwaka ule, bado yako mahali pake,
kila herufi.

Asubuhi, kwenye kichochoro cha Langoni,
mtoto nyuma ya mizigo ya ndoo akapiga ukelele:
"Simile! Simile! Mpisheni Bwanaharusi!"
Nikajibana ukutani.
Kovu la kamba likapita karibu na pua yangu,
na mkia, na kwato ninazozijua kwa kidole.

Sikuwa na karatasi.
Nikaandika kiganjani, Bwanaharusi,
nikafumba ngumi nisije nikatokwa na jasho,
nikaenda mbio kwenye tundu.