Ndoo ya Kongosho

Miaka kumi na tisa nachinja nguruwe hapa Clonakilty,
na kongosho nilikuwa nikilitupa ndooni:
kinofu kilegevu, rangi ya waridi iliyopauka,
hata mbwa wa jirani alikinusa akaenda zake.

Sasa Muireann ana miaka saba.
Kabla ya mlo anafungua kopo lake.
Tufaha: hapana. Viazi vya siagi: vitatu.
Soseji za babake: vinne, na jicho la utani.

"Mle ndani mna nini?"
Mna nguruwe, mwanangu.
Kongosho lililokaushwa, likasagwa, likawa punje,
kila punje na koti lake, asidi ya tumbo isiimalize njiani.

Sijui kueleza mikono mitupu; nashika mkate.
Huu ni mnyororo wa sukari, pete kwa pete.
Tafuna, usimeze. Ngoja. Unaonja utamu?
Mate yako yameshakata pete za mwanzo;
kazi hiyo unaiweza bila mtu.
Nyama ni shanga zilizojiviringa zikawa fundo.
Tumbo hulilegeza, hukata hapa na pale,
ila shanga mojamoja hazipatikani
mpaka tripsini na wenzake washike mkasi.
Na mafuta, hayo makaidi,
yaliyoapa kutoonana na maji:
nyongo huyatawanya yakawa matone,
kisha lipasi huyang'oa mikia.

"Na vimeng'enya vyangu viko wapi?"

Mfereji uliziba, nasema. Ute mzito kama gundi.
Mafundi wakafungiwa karakanani.
Siendelei. Simwambii kwamba walikosa kazi
wakaitafuna karakana yenyewe,
yeye bado tumboni mwa mamake.
Simwambii habari za kipupwe kile,
Gobnait akifua nepi zinazong'aa mafuta,
mtoto ananyonya usiku kucha na mbavu zinahesabika,
maziwa yakimpitia kama mgeni asiyevua viatu,
na majirani wakimtazama mama kifua.

Jumanne hii nilipasua nguruwe, nikalifikia.
Nikalishika kiganjani, bado lina joto.
Lori la kiwanda cha dawa halifiki kwangu;
ndoo ilikuwa palepale miguuni.
Nilisimama nalo, kisu kikidondosha matone,
mpaka mteja akagonga kengele.

Jioni mizani ya bafuni ilisema ameongeza robo tatu ya kilo.
Muireann akavimeza vinne kwa mkupuo,
akasukuma sahani:
"Siagi zaidi. Na usinipunje."