Kujifunga

Mimi ndiye nipigaye chokaa mistari
ya uwanja wa Horná Borina,
tangu kiwanda cha karatasi kilipofungwa
nikabaki na mikono isiyo na zamu.
Vendelín Hrubčo namjua kwa nyayo:
mguu wa kulia unakanyaga,
wa kushoto unaburuta,
na chokaa mbichi haina siri.

Wazee wa baa watakuhesabia:
misimu kumi na minne, beki wa kati,
mechi mia tatu na ushei,
miaka miwili timu ya jeshi
akilala bwenini, njumu chini ya mto
zisije zikaondoka bila yeye.
Mabao tisa.
Kisha wanakohoa, wanageuza bilauri,
na kulitaja la kumi.

Novemba. Theluji nyembamba kama unga wa chekecheke.
Dakika ya themanini na nane, hakuna aliyefunga,
nusu ya mji imepanda treni kwenda kutazama.
Krosi ikaja chini. Kipa, Zbyněk, akaita: «Wangu!»
Mpira ukamgonga Hrubčo gotini, ukaingia
taratibu, kama mgeni aijuaye nyumba.

Alijifunga.
Mtangazaji alinyamaza sekunde tatu.
Baba yangu akaizima redio
akatoka kupasua kuni ambazo hatukuzihitaji.

Zbyněk hakumlaumu. Alimshika ukosi wa jezi
akamsimamisha, kama mtu anuaye kofia iliyodondoka.
Walikaa chumba kimoja misimu sita,
wakila mkate, kitunguu na mafuta ya nguruwe
juu ya gazeti la juzi.
Halafu usiku mmoja wa Mwaka Mpya
nchi ikagawanywa kama shamba la urithi,
na asubuhi Zbyněk akaamka mtu wa ng'ambo
bila kuhama kitanda.
Stempu nazo zikapanda bei.

Hrubčo alifunga safari hadi Kupro, ligi ya pili;
jua likamchubua shingo, goti likagoma.
Akarudi na leseni ya ukocha na mkoba wa bandeji.
Klabu nne zimemfukuza.
Barua zote nne, aliniambia, zinaanza na «asante».

Sasa anafundisha watoto wa chini ya miaka kumi na minne,
Jumanne na Alhamisi, na mshahara wake
ni petroli na soseji za baada ya mechi.

Jumapili iliyopita mvua ilishuka kutoka milimani
ikiwa imelala kiubavu.
Ctibor, mtoto wa mwoka mikate,
aliutaka mpira atoe kona;
akaupeleka wavuni kwake mwenyewe.
Akavuta jezi akafunika uso.

Ndipo Hrubčo akaingia uwanjani.
Mechi inaendelea! Refa anapuliza, yeye anaburuta,
moja kwa moja juu ya mstari wangu.
Akapiga goti, goti lile lile
lisilopanda ngazi mwaka wa ishirini huu,
akashika kamba za kiatu cha mtoto.
Zilikuwa zimefungwa barabara.
Akazifungua. Akazifunga upya, fundo kwa fundo,
akimnong'oneza jambo lililomchekesha kijana
huku kamasi zikimtoka.

Kadi nyekundu, bila shaka.
Akaja kusimama nami nje ya uzio,
maji yakimchuruzika kwenye ukingo wa kofia.
«Nimekuharibia chokaa.»
«Nimeona.»
Tulifungwa tatu bila. Hatukulia.

Nikamwuliza lile ambalo mji mzima
umeliogopa tangu nilipokuwa na meno yote:
Siku ile, Vendo, Zbyněk alipoita, ulisikia?

Alitafuna mbegu za alizeti, akatema ganda.
«Nilisikia. Nikasikia wazi kabisa: ‹Wangu.›
Nikadhani ni mimi niliyesema.»