Saa Tatu na Saa Tatu

Tikiti inasema: kuondoka Yakutsk, saa tatu asubuhi.
Inasema: kufika Moscow, saa tatu na nusu asubuhi, siku ileile.
Mama akanipigia: "Aital, hawa watu wamekosea hesabu.
Nusu saa hainifikishi hata kwa Sardaana ng'ambo ya ziwa,
tena hapo gari limekubali kuwaka."

Hawajakosea, Mama.
Ni kilomita elfu tano kasoro kidogo,
saa sita na nusu hewani,
ila jua nalo linaelekea hukuhuku,
mtakwenda nalo bega kwa bega,
na zile saa sita utakazotumia
utarudishiwa mlangoni, kama chenji.

"Chenji," akasema, akacheka.
Kisha akauliza habari ya samaki.
Watatu, wagumu kama kuni,
amewafunga kwa gazeti, na juu ya gazeti koti la baba.
Nje ni nyuzi arobaini na nane chini ya sifuri;
ndani ya ndege je?

Sikujua. Mimi ni fundi wa lifti,
umbali kwangu ni ghorofa kumi na saba na kamba yenye grisi.
Lakini njia hiyo naijua kwa upande wake wa pili,
upande usiorudisha chenji.

Baba alikata roho Jumanne, saa nane usiku.
Kwangu ilikuwa Jumatatu, saa mbili,
nimekaa juu ya kibanda cha lifti namenya chungwa.
Simu ikalia kutoka kesho.
Nikatazama kalenda ya bosi ukutani: Jumatatu.
Kwa kalenda ile baba alikuwa bado ana saa sita,
anapanga mapande ya barafu ya maji ya kunywa,
anamfokea mbwa.

Nikapanda ndege ya saa tano na nusu usiku.
Usiku ulikatwa katikati kama mkate,
nusu yake hatukupewa.
Tulitua saa sita kasoro robo mchana,
na huko makaburini moto ulikuwa umewaka tangu asubuhi,
kuulainisha udongo upate kupokea sururu.

Leo nimesimama kwenye kizuizi cha wanaopokea wageni.
Ubao unasema: imetua.
Saa tatu na dakika hamsini anatokea,
mdogo kuliko alivyo kwenye simu,
macho mekundu kwa alfajiri moja
iliyomkodolea dirishani njia nzima, isikue, isiondoke.

Hanisalimu. Anapiga magoti, anafungua mfuko,
anamtoa samaki mmoja, anamgonga kwenye chuma cha kizuizi:
ko! ko!
Watu wanageuka. Askari anageuka.
"Bado," anasema. "Kumbe si mbali."

Kisha analikung'uta koti, ananivika kwa mikono yake
kama vile nina miaka saba na nachelewa shule.
Halijalowa,
ila begani, upande wa kushoto,
unyevu wa ukubwa wa kiganja.