Pembe

La mgambo likilia lina jambo,
ila wahenga hawakutuambia limeelekea wapi.

Kiwanja cha mpira cha Krušinec, Slovakia, saa moja asubuhi,
kabla upepo haujaamka.
Tumeishusha pembe ya bati kutoka nguzo ya halmashauri,
tumeikalisha juu ya meza ya kuzunguka
niliyoichora nyuzi kwa chaki.
Kazi ni kupima pembe kwa pembe.
Radoslav anazungusha, mimi nasoma;
kinasa sauti, mita nne mbele, kimevaa sifongo
kama kofia ya mtoto mchanga.

Sifuri: kila kitu kipo.
Thelathini: bado, ingawa ncha zimebutuka.
Tisini: desibeli ishirini na mbili zimetoweka
kule juu, hezi elfu nne, ziishiko konsonanti.
Irabu ni nene, hupinda kona,
hulizunguka bati kama maji na jiwe.
Konsonanti ni sindano:
hazimchomi aliyekaa pembeni.

“Na nyumba yangu,” akauliza Otília Hrivnáková,
aliyekuja na ndoo ya maganda ya viazi, akaisahau mkononi,
“iko nyuzi ngapi?”

Nikatazama ramani. Tisini na tano.

Akatikisa kichwa
kama mtu aliyehesabu tena chenji ya zamani
akakuta ni kweli, ilipungua.

Machi, alisema, baada ya muziki na bei ya vifaranga,
pembe ilitangaza msiba: *i… i…*, kesho saa nane.
Akadhani ni Cyril, waliyegombania uzio.
Akafunga dirisha, akaendelea kunyonyoa kuku.

Alikuwa Imrich,
aliyempasulia kuni vipupwe kumi na tisa
na kuondoka kabla chai haijachemka.
Kengele ikalia, wakamzika,
yeye yuko jikoni, manyoya mpaka viwikoni.

Radoslav hakuambiwa. Aliigeuza meza
mpaka chaki ikasoma sifuri.
Otília akasogea, akasimama ubavuni mwa kinasa sauti,
ndoo bado mkononi.
Hatukuwa na neno la kumpigia,
hata jina. Tulikuwa na mvumo wa kupimia tu,
shhhh isiyo na mwanzo,
s na f na ch za miaka yote
zikimwagika kwa mpigo mmoja usoni pake.

Akafumba macho.
“Ongeza,” akasema.